Meno ya Arusha, sindano ya Dar es Salaam

"Sasa hiyo dawa imejuaje njia ya kwenda kwenye mifupa?"

Mama aliniuliza hivyo ndani ya basi, tumeshapita Korogwe, kapakata mfuko wa machungwa ya Muheza. Siku mbili kabla alikuwa amechomwa sindano ya mkononi, ya kupigwa picha ya mifupa, katika hospitali moja ya Dar es Salaam, akaambiwa anywe maji mengi, aende haja ndogo kila anapojisikia, asipakate watoto siku hiyo. Baada ya saa tatu wakamlaza chini ya mashine iliyompitia taratibu kutoka utosini hadi nyayoni. Zaidi ya hapo hakuna aliyemweleza kitu. Nesi alikuwa na foleni, daktari alikuwa na foleni ndefu zaidi, na mimi mwanawe, mwalimu wa kemia, nilikuwa nimekaa benchi nashika mkoba.

"Inavutwa na mifupa, mama."

"Inavutwa kama sumaku?"

"Hapana, siyo sumaku."

"Basi kama nini, baba?"

Nikajifanya nimepitiwa na usingizi. Mwalimu wa miaka kumi na tisa kazini, nimeshafundisha isotopu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito tu, mpaka ubao umechakaa, na swali la mama yangu limenishinda kati ya Korogwe na Mombo. Nilikuwa najua maneno ya kwenye silabasi. Njia yenyewe ya kwenda mfupani sikuwa naijua. Nilipokuja kuifuatilia, ikanirudisha nyumbani, kwenye ndoo ya maji iliyopo jikoni kwetu.

Sisi ni watu wa Maji ya Chai, pale kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, ukishapita Usa River. Anayetoka huku humtambui kwa lafudhi peke yake, unamtambua akicheka. Meno yetu yana rangi ya kahawia, mengine yana mistari, mengine yana vishimo kama yametobolewa kwa sindano. Nilipokwenda kusoma bweni mkoa mwingine, wiki ya kwanza nilizawadiwa dawa ya meno na wenzangu, wakidhani wananisaidia. Nikajifunza kucheka nimefumba mdomo, na mpaka leo kwenye picha za harusi yangu nimekaa kama niliyefiwa.

Ni floridi, yaani florini katika hali ya kuyeyuka majini. Miamba na majivu ya volkano ya Mlima Meru yana florini nyingi, maji yanapita humo, yanatoka nayo. Shirika la Afya Duniani linasema lita moja ya maji ya kunywa isizidishe miligramu 1.5. Hapa Tanzania kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4, maana ukishika kipimo cha dunia vijiji vingine vitakunywa nini? Ongeza magadi tunayotia kwenye makande ili maharage yaive upesi, nayo yana floridi yake. Kwenye meno inaishia kuwa aibu. Kwenye mifupa ikizidi ni habari nyingine: watoto wenye matege au magoti yanayogongana, wazee wasioweza kugeuza shingo. Nimesoma darasa moja na wawili wa namna hiyo. Tulidhani wamerogwa.

Nirudi kwenye swali la mama.

Mwaka 1911 kijana mmoja wa Budapest, George de Hevesy, alikuwa Manchester kwenye maabara ya mwanafizikia Ernest Rutherford. Rutherford alikuwa na shehena ya risasi, ile metali, ambayo ndani yake mlikuwa na kitu chenye mionzi kilichoitwa radiamu D. Akamwambia kijana: kama una thamani yoyote, nitenganishie hiki na hiyo risasi. Hevesy akahangaika karibu miaka miwili. Akatumia kila njia ya kemia aliyoijua, ikashindikana. Sababu tunaijua sasa: radiamu D ni risasi vilevile, isotopu yake tu. Kikemia ni kitu kimoja.

Mwingine angefunga vitabu akarudi kwao. Yeye akageuza mambo. Kama hakuna anayeweza kuvitenganisha hivi viwili, akawaza, basi nikichanganya chembe kidogo ya hiki chenye mionzi kwenye risasi ya kawaida, popote risasi itakapokwenda hiki kitakuwamo, na mimi nitaisikia mionzi yake. Mwaka 1913, pamoja na Friedrich Paneth kule Vienna, wakaionyesha njia hiyo kwa vitendo. Inasimuliwa pia kwamba kabla ya hapo, Manchester, alimshuku mama mwenye nyumba kwamba nyama wanayoacha mezani Jumapili inarudi katikati ya wiki kwa jina jingine. Akanyunyiza chembe ya mionzi kwenye mabaki, na siku ya siku akaja na kipimo mezani. Nyama ilikuwa ileile. Walimu wa bweni mnaosoma hapa, mtanielewa.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mama ni hili: dawa haijui njia. Mwili ndio usiojua kwamba umepewa mgeni.

Hevesy alihamia kwenye viumbe hai polepole. Mwaka 1923 alianza na mimea ya maharage, akiiwekea risasi yenye mionzi majini. Risasi ni sumu, huwezi kufika nayo mbali. Mlango ulifunguka pale ilipowezekana kutengeneza isotopu zenye mionzi za elementi ambazo mwili unazihitaji wenyewe. Mwaka 1935 huko Copenhagen, yeye na Otto Chiewitz wakawalisha panya fosforasi-32, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya siku 14 na kitu. Fosforasi na kalsiamu ndizo saruji ya mfupa. Watu wengi siku zile waliuona mfupa wa mnyama mzima kama jiwe: ukishajengwa umejengwa. Mionzi ikasema vingine. Fosforasi mpya iliingia kwenye mifupa ya panya ambao hata hawakui tena, na ya zamani ikatoka. Wakapiga hesabu kwamba chembe moja ya fosforasi hukaa ndani ya panya kwa wastani wa miezi miwili hivi, kisha huyo, inatoka.

Mfupa, kumbe, ni kama nyumba ya udongo ya bibi: kila mwaka kuna ukuta unaobomoka na ukuta unaokandikwa, na ukipita barabarani unaona nyumba ileile. Kwa mtu mzima sehemu ya kumi hivi ya mifupa yake hubadilishwa kila mwaka.

Si kwamba kabla ya mionzi watu hawakujaribu. Mwaka 1727 Mwingereza Stephen Hales alitoboa vitundu viwili kwenye mfupa wa mguu wa kifaranga, akamwacha akue, akapima tena. Mfupa umerefuka, vitundu viko umbali uleule. Maana yake mfupa haurefuki katikati kama mpira unaovutwa, unaongezewa kwenye ncha. Na mwaka 1736 John Belchier, daktari wa upasuaji, alikuwa mgeni mezani kwa mtu mwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa. Nyama ya nguruwe ikaletwa, mifupa yake ni myekundu. Nguruwe yule alikuwa amelishwa makapi yenye mizizi ya rangi. Nampenda Belchier kwa sababu wengine wote mezani walikula, yeye akauliza.

Lakini rangi inakuonyesha mfupa tu, tena uliokwisha kuwa mfupa. Mtoto harefuki kwa mfupa. Anarefuka kwa gegedu.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo penye utamu. Mkishachinja mwanambuzi, chukua paja, lipasue kwa urefu kwenye ncha ya karibu na goti. Utaona chini ya kichwa cha mfupa ukanda mwembamba, mweupe unaoelekea samawati, unaoteleza, kisu kinapita bila kukwaruza. Hilo ni gegedu la kukulia. Ukimchinja mbuzi mzee ukanda huo huupati, umeshafunga. Kwenye darubini, seli zake zimepangana kwa safu kama sarafu zilizobandikwa moja juu ya nyingine. Upande wa juu seli zinagawanyika. Kadiri zinavyoshuka zinavimba, tena sana, na kule kuvimba ndiko hasa kunakosukuma mfupa urefuke. Mwisho zinakufa na mfupa unachukua nafasi yao. Urefu wako wote, ewe unayejivunia, ni foleni ya seli zilizovimba zikafa.

Gegedu linahitaji salfa kwa wingi, maana ule utelezi wake ni wa sukari ndefu zilizobeba salfeti. Basi kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 watafiti wakaanza kutumia salfa-35. Unampa panya salfeti yenye mionzi, unakata kipande chembamba cha mfupa wake, unakilaza juu ya filamu ya picha gizani, unasubiri. Mionzi inaichoma filamu. Ukiisafisha unaona palipokuwa na kazi pameandika weusi, palipolala ni peupe. Gegedu limejipiga picha lenyewe.

Mwaka 1957, huko St. Louis, Marekani, William Salmon na William Daughaday wakatumia salfa hiyo kuuliza swali ambalo wazazi wa watoto wafupi huuliza kila siku. Ilikwisha kujulikana kwamba chini ya ubongo kuna kitezi kidogo kama punje ya njegere kinachotoa homoni ya ukuaji. Ukimtoa panya tezi hiyo, anadumaa, na gegedu lake linakuwa halinyonyi salfa. Wakachukua vipande vya gegedu la mbavu za panya waliotolewa tezi, wakaviweka kwenye vyombo, wakaviongezea homoni ya ukuaji moja kwa moja. Ungetegemea gegedu liamke. Halikuamka, au liliamka kidogo mno. Wakaweka utomaji wa damu, yale maji yanayobaki damu ikishaganda, wa panya mzima, mwenye tezi yake: gegedu likaanza kunyonya salfa kwa kasi. Wakaweka utomaji wa panya asiye na tezi: kimya. Kisha wakachukua utomaji wa panya asiye na tezi ambaye alichomwa homoni ya ukuaji akiwa hai. Gegedu likaamka.

Nilipofika hapo niliacha kusoma nikatoka nje. Usiku ule Meru ilikuwa imejitokeza yote, bila wingu. Homoni haiongei na gegedu, au tuseme haiongei nalo sana. Inamtuma mtu. Kuna mjumbe katikati, anatengenezwa mwilini homoni ikishafika, na yeye ndiye anayegonga mlango wa gegedu. Kwa miaka mingi alikosa jina zuri, wakamwita kwa kazi yake ya kubandika salfeti, baadaye somatomedini, na leo hospitalini anapimwa kwa jina la IGF-1, ambaye sehemu kubwa ya yule aliyemo kwenye damu hutoka kwenye ini. Mtoto asiyerefuka akipimwa damu leo, kipimo chake kimezaliwa na mbavu za panya na chembe za salfa zilizokuwa zinahesabika kwa sababu tu zilikuwa na mionzi. Bila mionzi ungeona salfa, lakini usingejua ipi imeingia leo na ipi ilikuwamo jana.

Sasa, sindano ya mama. Ile haikuwa fosforasi wala salfa. Ni tekineti-99m, metali yenye mionzi, imefungwa kwenye molekuli inayofanana na fosfeti, ile fosforasi kama inavyokaa mfupani. Mfupa unaojijenga unaiona fosfeti, unaipokea, na tekineti inaingia imening'inia kama konda mlangoni. Watu wa Marekani, Subramanian na McAfee, ndio waliofungua njia hiyo mwaka 1971. Nusu ya tekineti huisha kila saa 6, kwa hiyo kesho yake saa ileile umebakiwa na sehemu moja ya kumi na sita, bado hujatoa ile iliyotoka na mkojo. Kitu kinachoisha upesi hivyo hakiwekwi stoo. Hospitali inapokea chombo chenye molibdeni-99, ambayo nusu yake huisha kwa saa 66, na molibdeni kadiri inavyooza inazaa tekineti. Kila asubuhi fundi anapitisha maji ya chumvi, tekineti inatoka, anaiacha molibdeni izae tena mpaka kesho. Duniani kote mafundi hao wanakiita chombo hicho ng'ombe, na kazi yenyewe wanaiita kukamua. Nilipomwambia mama hilo alicheka mpaka akashika ubavu. "Kwa hiyo nilichomwa maziwa!"

Shangazi, yeye, hakucheka. Alitaka kujua kama mionzi itabaki kwenye mifupa ya wifi yake maisha yote. Si swali la kipuuzi. Miaka ya 1910 na 1920 huko New Jersey, wasichana waliopaka rangi ya radiamu kwenye saa walikuwa wakiichonga ncha ya brashi kwa midomo. Radiamu iko ukoo mmoja na kalsiamu. Mfupa ukaipokea kama kalsiamu. Nusu ya radiamu hiyo huisha kwa miaka 1,600. Taya zao zilioza wakiwa hai. Mfupa ni uleule, mlango ni uleule. Aliyeingia ndiye tofauti, na muda wake wa kukaa. Wanafunzi wangu nao huniuliza kama pale Njiro, kwenye ofisi za Tume ya Nguvu za Atomiki, kuna bomu. Hakuna bomu. Wanatoa leseni za vyanzo vya mionzi na kupima mionzi kwenye vyakula, kazi ambayo haina sinema.

Nimefika kwenye kitu kilichonifanya niandike.

Kabla ya tekineti, mwaka 1962, Monte Blau na wenzake huko Buffalo, New York, walitumia kifuatilio kingine kuona mifupa ya watu: florini-18. Yaani floridi! Ileile ya Meru, isipokuwa kiini chake hakijatulia. Ikishaingia kwenye damu inakwenda moja kwa moja mahali mfupa unapojengwa, inaingia kwenye fuwele za mfupa na kukaa kwenye kiti ambacho kilikuwa cha haidroksili, ile jozi ya oksijeni na haidrojeni. Inafanya kazi hiyo vizuri mno. Kilichoizuia kutawala wakati ule ni muda wake: nusu huisha kwa dakika 110. Ukiipakia kwenye basi Dar es Salaam asubuhi, ukifika Maji ya Chai baada ya saa kumi umebakiwa na mbili katika mia. Vilipokuja vipimo vipya imerudi hospitalini.

Nilirudia sentensi hiyo mara kadhaa. Madaktari waliichagua floridi kwa sababu mfupa haujui kuikataa. Na hilo ndilo tatizo letu sisi toka tuzaliwe. Kipimo kinatumia chembe chache zisizopimika kwa mizani ya duka, sisi tumekunywa kwa lita, miaka sitini, mama na magadi juu yake. Mlango ni mmoja.

Hata dawa yake ni mlango huohuo. Kituo cha Ngurdoto, si mbali na kwetu, kimefanya kazi miaka mingi na chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo, maji yanapita, floridi inabaki kwenye mifupa ya ng'ombe badala ya kwenda kwenye ya kwako. Mkaa mzuri una rangi ya kijivu iliyokolea. Ukibaki mweusi tii haujaiva, maji yananuka. Ukiungua hadi ukawa mweupe umepoteza nguvu. Mimi niliuziwa ule mweusi na jamaa mmoja wa mnadani, wiki nzima chai yetu ilikuwa na harufu ya kwato. Mama alivumilia siku tatu, siku ya nne akarudia bomba.

Majibu yake yalitoka vizuri. Miaka minne nyuma alitolewa uvimbe kwenye titi, huko Moshi, na maumivu ya magoti yalikuwa yametutisha wote. Kwenye picha hapakuwa na doa la kutisha mgongoni wala mbavuni. Magoti yote mawili yalikuwa meusi, daktari akasema ni kusagika kwa gegedu, umri huo. Mtoto angewekwa chini ya mashine hiyo naye angeonyesha weusi magotini, ila wake ungekuwa mstari safi wa kukua.

Mama hakuridhika. "Kama mfupa unajikandika upya, kwa nini goti lisijikandike?" Amezaliwa 1955, na jibu lake limo kwenye mabomu ya nyuklia. Majaribio yale ya angani yaliongeza kaboni-14 hewani, ikapanda mpaka kilele katikati ya miaka ya 1960, ikaanza kushuka. Mimea ikaivuta, watu wakaila mimea. Mwaka 2016 Katja Heinemeier na wenzake wa Denmark walipima kaboni hiyo kwenye gegedu la magoti ya watu, wakaona kolajeni yake, zile nyuzi zinazolishikilia, ina kaboni ya miaka ya utotoni na ujanani mwao. Baada ya hapo haibadilishwi, au inabadilishwa kwa kiasi kisichoonekana. Mifupa ya mama imekandikwa upya mara kadhaa toka Uhuru. Kwenye magoti bado anatembea na kolajeni aliyojijengea akiwa msichana, anashuka mtoni na ndoo kichwani.

Enameli ya meno, lile ganda gumu la nje, nayo haikandikwi. Kwa meno ya mbele inajengwa toka uchangani mpaka miaka minne au mitano hivi, ikianzia ncha kuelekea kwenye fizi, kisha basi. Ndoo ya mkaa wa mifupa, ule mzuri sasa, niliileta nyumbani binti yangu Neema alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, ameshakunywa uji wa maji ya bomba miezi kadhaa. Wiki iliyopita jino lake la juu la ukubwani limeanza kuchomoza. Jioni mama alimwita karibu na jiko, akamwinua kidevu, akaniambia nimulike kwa simu.

"Achama, bibi yangu."

Neema akaachama. Ncha tu ndiyo imetoka, milimita mbili hivi, na pembeni ina kiwingu cha rangi ya chaki. Mama alikiangalia sana, kisha akapapasa ufizi kwa kidole gumba, pale jino lilipobaki limejificha.

"Hiki ni kile kipande cha kabla ya ndoo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, zima taa, simu yako itaisha chaji. Litatoka lote mwezi ujao, tutaliangalia tena."